Kupaka Rangi Bampa la Gari Nyumbani: Hatua za Kufuata na Hatari za Kuepuka

Katika kituo cha Salgaa, kaunti ndogo ya Rongai, magari hayapungui mchana wala usiku. Changarawe zinazorushwa na malori kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret huacha makovu kwenye bampa, grili na vifuniko vya vioo vya pembeni. Wamiliki wengi huamua kununua rangi ya mkebe na kuipuliza wenyewe nyumbani. Kazi hiyo inawezekana, lakini plastiki haipakwi kama bati, na mvuke wa rangi ni hatari kwa afya na kwa moto.

Kwa nini rangi hubanduka

Mabampa mengi hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki laini inayopinda na isiyoshika rangi kwa urahisi. Grili na vifuniko vya vioo mara nyingi ni vya ABS, ambayo ni ngumu zaidi. Alama ya PP au ABS huwa imechapishwa upande wa ndani wa kifaa. Isipoonekana, kipande kidogo kilichovunjika kitumbukizwe majini: polipropilini kwa kawaida huelea, ABS huzama.

Hatua za kazi

1. Osha kifaa kwa maji na sabuni hadi mafuta na nta yote yatoke, kisha kikauke kabisa. Petroli isitumike kusafishia. Thina kali nayo huweza kulainisha ABS.

2. Sugua kwa msasa wa maji namba 400, umalizie na namba 600, hadi mng'ao wote wa zamani uishe. Suuza na ukaushe tena.

3. Puliza praima maalum ya plastiki. Kwa polipropilini hatua hii hairukwi, kwani ndiyo inayoifanya rangi ishike.

4. Tikisa mkebe wa rangi kwa dakika mbili. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea bila kusimama. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito, ambayo hutiririka. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka, au kama maelezo ya mkebe yanavyosema.

5. Malizia kwa tabaka mbili za klia ili kuikinga rangi dhidi ya jua. Usiioshe gari kwa siku kadhaa.

Salgaa iko nyanda za juu, ambako asubuhi huwa na baridi na umande. Rangi ikipulizwa kwenye unyevu huota ukungu mweupe. Saa bora ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na upepo wa vumbi wala dalili za mvua.

Moto na mapafu

Mvuke wa rangi na thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na unaweza kufikia jiko lililo chumba cha pili, kisha moto ukarudi ulikotoka. Ukanda huu unajua uzito wa jambo hili: tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walifariki Sachangwan baada ya mafuta yaliyomwagika kutoka kwa lori kushika moto. Kwa hiyo, kazi ifanyiwe nje, mbali na jiko, sigara, jenereta na nyumba za majirani. Watoto na wajawazito wakae mbali.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Panahitajika kifaa cha kupumulia chenye kichujio cha mkaa, pamoja na glavu na miwani. Rangi inayochanganywa na hadina ina kemikali za isosianeti, ambazo zinaweza kusababisha pumu ya kudumu. Hiyo iachiwe fundi mwenye chumba maalum cha kupulizia na vifaa kamili. Anayehisi kizunguzungu au kubanwa kifua aache kazi mara moja, atoke kwenye hewa safi na aende kituo cha afya.

Baada ya kazi

Mikebe isitupwe motoni wala kuachwa juani, kwani hulipuka. Vitambaa vyenye thina vianikwe nje vikauke kabla ya kutupwa. Mabaki ya rangi yasimwagwe mtaroni: Mto Molo, unaopita eneo la Rongai, huishia Ziwa Baringo, na njiani watu na mifugo huutegemea.

Taa, viakisi mwanga na nambari za usajili zisiguswe na rangi. Mwenye nia ya kubadilisha rangi ya gari zima aijulishe kwanza NTSA, kwa sababu rangi imeandikwa katika kitabu cha usajili. Na bampa lililovunjika kwenye vishikizo vyake lirekebishwe kabla ya kupakwa. Rangi hufunika ufa tu, haiushiki usipanuke.