Kabla ya Kupakia Lori, Keti na Mwenzio

Wapenzi wanandoa, kuhama nyumba huleta ugomvi hata katika ndoa tulivu. Mwaka 2014 tulipohama kutoka Machakos kwenda Nyeri, mimi ndimi niliyeandika orodha ya mali kwa ajili ya bima. Niliandika televisheni, friji, viti vya sebuleni na redio yangu. Cherehani ya mke wangu sikuiandika. Karibu na Thika dereva alifunga breki ghafla, kabati likaiangukia. Hatukulipwa chochote, kwa kuwa haikuwamo katika orodha. Mama watoto hakunikaripia. Alinyamaza siku tatu, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya kifungua mimba wetu.

Basi orodha iandikwe na wote wawili, chumba kwa chumba. Baba, usiseme hivi ni vitu vya jikoni tu.

Wengi hudhani kwamba lori likiwa na bima, mizigo nayo imelindwa. La. Bima ambayo sheria ya Kenya inamlazimisha mwenye gari kuwa nayo ni kwa ajili ya watu wengine wakiumia au kufa. Haigusi kitanda chako. Bima ya vyombo vya nyumbani nayo kwa kawaida hulinda vitu vikiwa katika nyumba iliyotajwa. Ulizeni kama inavifuata njiani. Isipovifuata, ombeni bima ya mizigo safarini.

Iko ya bei nafuu, inayolipa lori likiungua, likigongana au kupinduka. Iko iliyo pana zaidi, inayolipa pia wizi na kuvunjika. Someni hasa ukurasa wa yale yasiyolipwa. Mara nyingi humo mtakuta fedha taslimu, vito, vyeti, na vyombo vya udongo mlivyofunga wenyewe. Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa bebeni mkononi.

Tena msishushe thamani ili mlipe ada ndogo. Tuseme mali yenu ni ya shilingi 400,000, nanyi mmeandika 200,000. Televisheni ya 40,000 ikivunjika, kampuni yaweza kusema mlikata bima ya nusu, iwape nusu: 20,000. Kutoka hapo hukatwa pia kile kiasi ambacho mkataba unasema mtakibeba wenyewe.

Pigeni picha kila kitu kabla ya kupakia. Na mkifika, msitie sahihi karatasi ya dereva kabla hamjafungua masanduku. Mkiona ufa, uandikwe papo hapo.