Ushauri: Sindano ya Shingo Haikutoa Jibu

Daktari, mama alipigwa ultrasaundi, ukaonekana uvimbe nyuma ya thairoidi. Akadungwa sindano, seli zikatolewa. Majibu yasema zafanana na za thairoidi na saratani haijulikani. Tangu hapo halali. Mwaka jana alitolewa vijiwe vya figo, na mifupa yamuuma. Sasa twaambiwa arudie sindano. Tukubali?
Binti, Likoni

Binti yangu, msirudie sindano bado. Anzeni na damu.

Katika barua yako nimesimama kwenye vijiwe na mifupa. Nyuma ya thairoidi hukaa tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kiasi cha punje ya mchele: parathairoidi. Ivar Sandström wa Uswidi alizieleza mwaka 1880, na hadi leo husahaulika. Hutoa homoni ya PTH, inayopandisha kalsiamu ya damu. Moja ikivimba na kuzidisha homoni, kalsiamu hutolewa mifupani na nyingine huishia kwenye mkojo. Ndipo mifupa huuma na vijiwe huzuka. Mwambie mama hili leo: uvimbe wa namna hiyo karibu wote si saratani.

Chini ya hadubini, seli za parathairoidi na za thairoidi hufanana mno, hata mtaalamu mzoefu huzichanganya. Kama hakuambiwa habari ya vijiwe, angejuaje?

Ombeni kalsiamu na PTH zipimwe kwa damu ya siku moja, pamoja na vitamini D na kazi ya figo. Bebeni dawa zake zote, maana baadhi ya dawa za presha, kama haidroklorothiazidi, hupandisha kalsiamu. Kalsiamu ikiwa juu na PTH nayo iko juu, ama imekataa kushuka, kwa kawaida ugonjwa umejulikana bila sindano. Kudungadunga tezi hii huweza kuacha damu na makovu yanayomtatiza mpasuaji, na ikishukiwa kuwa na saratani, sindano yaweza kutawanya seli.

Daktari akiwa bado hajui uvimbe ni wa tezi ipi, sindano ina kazi, kwa sharti moja: baada ya kudunga, isuuzwe kwa maji kidogo ya chumvi ya hospitali, na maji hayo yapimwe PTH. Ikiwa nyingi kupita ya damu yake, hiyo ni parathairoidi, hata kama seli zilisomwa vingine.

Mkivuka feri kwenda hospitali ya Makadara, chukueni ripoti na vile vioo vya seli za sindano ya kwanza. Ombeni visomwe upya na mtu aliyepewa habari yote. Maabara isiyopima PTH yenyewe, iulizeni yatuma wapi na damu itahifadhiwaje, kwani homoni hii huharibika upesi kwa joto letu.

Mama akianza kutapika, kulegea sana au kuchanganyikiwa, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni dharura saa ile ile.