SOMO LETU: TUZIBE UFA KABLA YA KUJENGA UKUTA



Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo tuongee juu ya ufa wenyewe.

Hapa Kabasa, wilayani Bunda, kama kwingine mkoani Mara, wapo wenzetu wanaoishi katika nyumba za miti na udongo. Udongo si adui. Adui ni nyufa. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na ukuta. Usiku hutoka, humwuma mtu aliyelala, naye huweza kupata homa ya papasi. Mbu wa malaria hupita penye uwazi kati ya ukuta na paa. Ukuta usio na msingi wa mawe humomonyoka chini wakati wa mvua. Siku moja huanguka, na watoto wamo ndani.

Halmashauri inafanya nini?

Wengine husema, "Si halmashauri itujengee?" Jamani, halmashauri haimjengei kila mtu nyumba. Lakini msaada upo. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi. Maana yake ni hii: katika kila shilingi 100, shilingi 10 zitengwe. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Mikopo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024.

Tusidanganyane. Mkopo huu si wa kujengea nyumba yako. Ni wa kikundi, kwa kazi ya kuleta kipato, na lazima ulipwe. Basi kwa nini kazi hiyo isiwe kufyatua matofali ya kufungamana? Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, hukaushwa kivulini. Hayachomwi moto, kwa hiyo miti yetu hupona. Kikundi kinauza, kinalipa deni, na jirani anapata matofali karibu.

Mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata namna ya kusajili kikundi. Waulizeni pia viongozi katika mkutano: mwaka huu zimetengwa fedha kiasi gani, na nani kapewa? Kuuliza si ugomvi. Ni haki yetu.

Nyumbani tuanze na nini?

1. Tuzibe nyufa, tusilibe ukuta na sakafu.
2. Tuchimbe mfereji wa kuepusha maji ya mvua na ukuta.
3. Tuweke wavu madirishani, tuzibe uwazi chini ya paa.
4. Anayejenga upya aanze na msingi wa mawe. Mawe Mara hatuna shida nayo.

Kazi hizi hazingoji mkopo. Zinataka jembe, udongo na mikono ya jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumba yako ina nyufa wapi?
2. Katika shilingi 100, vijana wametengewa ngapi?
3. Kikundi kikishindwa kulipa, nani ataumia?