Bastola za Gumegume za Marekani: Kagua Kabla ya Kulipa

Anza na mtambo. Fataki zilipoenea katika karne ya 19, bastola nyingi za gumegume ziligeuzwa zitumie fataki. Baadaye baadhi zilirudishiwa mtambo wa gumegume kwa vipande vipya, maana iliyobaki kama ilivyoundwa huuzwa ghali zaidi. Chunguza kisahani cha baruti, nyundo inayobana jiwe na, zaidi ya yote, tundu la moto. Baruti hula chuma kando ya tundu hilo. Mtutu mkongwe wenye tundu safi lisilo na kovu unatia shaka, na mimi ningeuacha.

Soma mihuri. Bastola ya Harpers Ferry ya mfano wa 1805 ilitengenezwa kati ya 1806 na 1808, takriban 4,000 tu, nazo zilipewa namba kwa jozi: bastola mbili, namba moja. Mwenye mfuko wa kawaida atafute Simeon North ya mfano wa 1816. Hizo zilifika kama 20,000.

Ingiza mdeki wa mbao mtutuni. Ukikwama kabla ya usawa wa tundu la moto, huenda baruti na risasi bado zimo: mpelekee fundi bunduki.

Usiing'arishe kamwe. Ile kahawia ya uzee ina thamani yake.