Kadi Ikigoma Dubai
Mfanyabiashara aliyefuata bidhaa Dubai huweza kukuta mashine ya fedha imekataa kadi ilhali akaunti ina salio. Asibahatishe namba ya siri: kwa kawaida akikosea mara tatu, kadi hufungwa. Aulize benki yake kama kadi imeruhusiwa kutumika nje, na kiwango cha kutoa kwa siku. Akaunti ikikatwa bila noti kutoka, atunze stakabadhi na alalamike kwa benki iliyompa kadi. Akitakiwa kuchagua sarafu ya kukatwa, achague dirhamu. Bei ya kubadilishia ya mwenye mashine aghalabu ni ghali. Mwenye akaunti ya dola ana kipimo: tangu 1997 dola moja ni dirhamu 3.6725. Pungufu ya hapo ni gharama yake.