Ushanga, Vibanio na Hataza: Kipi Kinaweza Kusajiliwa?

Mwaka 1987, Rommy Revson, mwimbaji wa Marekani, alipata cheti cha kulinda umbo la mpira wa nywele uliovishwa kitambaa kilichokunjamana. Mpira wa aina hiyo huuzwa hadi leo katika masoko yetu. Wazo alilipata kwenye kiuno cha suruali ya kulalia: mpira ndani, kitambaa nje. Mpira haukuwa mpya, wala kitambaa. Kilichokuwa kipya ni sura ya kifaa, na ndicho alichosajili.

Hapo ndipo mafundi wengi wa mapambo huchanganyikiwa. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Fundi akibuni kibanio kinachoshika rasta nzito bila kuzikata, au kifungio cha mkufu kinachofungwa kwa mkono mmoja, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo popote duniani, anaweza kuomba hataza. Hudumu miaka 20, mradi ada ya kila mwaka inalipwa. Uboreshaji mdogo wa kifaa kilichopo una cheti chake cha miaka 10.

Lakini kwa msusi wa ushanga, kinachofaa zaidi mara nyingi ni usajili wa muundo, yaani umbo, mistari na rangi zinavyopangwa. Cheti hiki ni cha miaka 5 na huongezwa mara mbili, hivyo jumla ni miaka 15. Kiini cha maombi ni picha au michoro ya pambo lenyewe, si maelezo marefu ya kitaalamu.

Wengi hukwamia kwenye upya. Pambo lililokwisha kuonyeshwa kwenye Facebook au kuuzwa katika maonyesho linaweza kupingwa kwamba si jipya tena. Ni salama zaidi kuwasilisha maombi kwanza, kisha kupiga picha za biashara.

Kola pana za ushanga za Wamaasai na Wasamburu ni jambo jingine kabisa. Hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kuwa alizivumbua. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitambua jamii kuwa ndizo zenye haki hizo, na inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista yake. Fundi anayechota kutoka kwa mila hizo anaweza tu kusajili kile alichoongeza mwenyewe.

Katika vikundi vya akina mama, swali gumu si umbo bali jina: nani aandikwe kuwa mwenyewe? Haki ni ya aliyebuni, na waliobuni pamoja huimiliki pamoja. Mnunuzi aliyetoa mtaji wa shanga hawi mbunifu kwa sababu hiyo. Kikundi kiandike makubaliano mapema, kabla pambo halijaanza kuleta pesa.

Maombi hupokelewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI), Barabara ya Popo, South C, Nairobi. Cheti chake hulinda ndani ya Kenya pekee. Anayeuza nchi jirani anaweza kuomba kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare. Na pambo likiigwa, mwenye cheti ndiye anayepaswa kumshtaki mwigaji.