Sindano za Kichina zinapunguza joto la kukoma hedhi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 51, na sijaona hedhi kwa miezi 14. Tangu mwaka jana napandwa na joto ghafla. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, jasho linanitiririka mbele ya wanafunzi, kisha baridi inanishika. Usiku naamka mara tatu au nne kubadilisha kanga. Jirani yangu alidungwa sindano za Kichina kwa ajili ya mgongo akapata nafuu, naye ananihimiza nikajaribu. Natumia dawa za presha, na vidonge vya homoni naambiwa vinaleta saratani. Je, sindano hizo zitanifaa? Na ni salama?
Mwalimu, Unguja

JIBU: Mwalimu, ndiyo, unaweza kujaribu, na kuna matumaini ya kweli kwamba joto litapungua. Ila usizitarajie zikutibu kukoma hedhi kwenyewe. Zikifanya kazi, zitagusa joto na pengine usingizi. Mifupa inayopoteza uimara na ukavu wa uke vitabaki kama vilivyo, na hayo ndiyo huendelea hata joto likishaisha. Kwa hiyo sindano ziende sambamba na kumwona daktari, zisichukue nafasi yake.

Joto hili linatoka wapi
Mwanamke akipitisha miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hakuna sababu nyingine, huhesabiwa kuwa amekoma hedhi. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza sana kutengeneza estrojeni, na kituo cha ubongo kinachosimamia joto la mwili, haipothalamasi, huwa chepesi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, labda kwa chai ya moto au kwa kupanda ngazi, ubongo unadhani mwili umezidiwa. Unaamuru mishipa ya ngozi itanuke na jasho litoke. Uso unawaka, na mwili ukishapoteza joto kupita kiasi, unatetemeka.

Hali hii haipiti upesi kama wengi wanavyofarijiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulionyesha kwamba, kati ya waliosumbuliwa mara kwa mara, nusu walikaa nayo kwa zaidi ya miaka saba. Kutafuta nafuu si udhaifu.

Hata hivyo, si kila jasho la usiku ni la kukoma hedhi. Huku kwetu mtu akihisi joto na baridi hukimbilia dawa ya malaria bila hata kupima. Pima kwanza. Ukiwa na kikohozi kisichoisha au unapungua uzito bila sababu, taja hilo kliniki wachunguze kifua kikuu. Moyo ukienda mbio kila wakati na mikono ikitetemeka, huenda ni tezi ya shingo, nayo hupimwa kwa damu.

Tafiti zimeona nini
Sindano hizi, akupancha, si ngeni Zanzibar. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakija visiwani kwa zamu tangu miaka ya 1960. Sindano zenyewe ni nyembamba sana, hazina dawa ndani, na huachwa mwilini kwa takriban nusu saa. Kwa joto la kukoma hedhi hutumika sehemu kadhaa. Iliyo maarufu zaidi iko upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya fundo.

Tafiti zilizowalinganisha wanawake waliodungwa na wale ambao hawakudungwa zimekuwa na majibu mazuri. Norway, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009 wenye wanawake 267, waliodungwa mara 10 walipungukiwa na joto takriban mara sita kwa siku, na wenzao takriban mara nne. Kwa bahati mbaya, baada ya miezi sita tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, wenye wanawake 209, ulikuta vipindi vya joto vimepungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa waliodungwa, na nafuu ile iliendelea kwa miezi kadhaa baada ya tiba kukoma.

Lakini swali gumu zaidi liliulizwa Australia, pia mwaka 2016. Watafiti waliwagawa wanawake 327 makundi mawili. Kundi moja lilidungwa sindano halisi. Jingine lilipewa sindano bandia, butu, zinazogusa ngozi bila kuingia, na wanawake hawakuambiwa wako kundi gani. Joto lilipungua kwa takriban asilimia 40 katika makundi yote mawili, bila tofauti. Ndiyo maana chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Amerika Kaskazini, kilipopitia ushahidi mwaka 2023, hakikuipendekeza akupancha kwa tatizo hili.

Msomaji anaweza kusema basi ni kiini macho. Sisemi hivyo. Wanawake wale walipata nafuu kweli. Kulala kimya kwa nusu saa, kusikilizwa na mtu anayekushughulikia wewe tu, na kutarajia kupona, vyote hufanya kazi mwilini, na wakati nao hupunguza joto. Faida ya kulijua hilo ni ya mfukoni: usilipe zaidi kwa sababu mtu anadai yeye pekee ndiye anayezijua sehemu za siri, wala usimwamini anayesema sindano zitakurudishia homoni. Ovari zikishapumzika, hakuna sindano ya kuziamsha.

Usalama
Kwa mikono iliyofunzwa, akupancha ina madhara madogo: alama ya damu kuvilia, maumivu kidogo, mara nyingine kizunguzungu. Kula kabla ya kwenda, na omba udungwe umelala. Madhara makubwa ni nadra, lakini sindano ikizama sana kifuani au juu ya mgongo inaweza kutoboa pafu.

Dai sindano mpya, ya kutumika mara moja, ifunguliwe mbele ya macho yako. Hapo hakuna kuona haya, kwa sababu sindano iliyokwishatumika inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mtajie anayekudunga kila dawa unayotumia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, hasa zikitumika sindano za umeme, waulize daktari wao kwanza. Na yule ambaye bado anaona hedhi kwa kurukaruka akumbuke kwamba mimba inawezekana. Apime kabla ya kudungwa.

Kwako wewe mwenye presha nasisitiza mawili. Usiache dawa zako. Na ukipewa mitishamba ya kuchemsha pamoja na sindano, uliza ndani yake kuna nini. Mizizi ya urukususu hutiwa katika michanganyiko mingi ya Kichina, nayo hupandisha presha na kushusha potasiamu.

Na homoni je?
Hofu uliyosikia ilienea mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha kwamba vidonge vya estrojeni na projestojeni kwa pamoja huongeza kidogo saratani ya matiti. Lakini wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, na anayesumbuliwa na joto, faida za homoni kwa kawaida huzidi hatari. Ndiyo tiba inayoongoza kwa kupunguza joto, na hulinda mifupa.

Presha iliyodhibitiwa peke yake haikufungii mlango. Daktari anaweza kukuchagulia estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi. Mwenye kizazi huongezewa projesteroni ili kulinda ukuta wa kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa hatakiwi kuanza bila ushauri wa bingwa. Kwa hao zipo dawa zisizo za homoni, kama gabapentini na baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, ambazo hupunguza joto hata kwa asiye na sonona. Ukavu wa uke una krimu zake.

Ufanye nini sasa
Kabla ya sindano ya kwanza, andika kwa wiki mbili joto limekupanda mara ngapi mchana na usiku. Endelea kuandika ukiwa kwenye tiba. Katika ule utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, nafuu kubwa ilionekana kufikia mara ya nane, kwa hiyo patana kwa mara nane. Piga hesabu ya ada pamoja na nauli. Ukifika mwisho na daftari halionyeshi mabadiliko, acha, urudi kwa daktari mzungumzie tiba nyingine.

Wakati huohuo ongeza mwendo wa miguu, punguza uzito ikiwa umezidi, na uone kama pilipili au chai ya moto inakuchokoza. Vaa nguo za pamba, na feni iwe karibu na kitanda.

Mwisho, kwako wewe na kwa kila aliyekoma hedhi: damu ikionekana tena baada ya mwaka mzima, hata tone moja, hata kama haiumi, usingoje na usiende kwa sindano. Nenda kliniki ya magonjwa ya wanawake wiki hiyohiyo. Mara nyingi chanzo si kikubwa, lakini hivyo ndivyo saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi inavyoweza kujitangaza, na ikiwahiwa hutibika.